Baridi ya Siberia inavyojaza ndege kwenye tope la Mida

KILA mwaka kati ya Desemba na Machi, jua la kaskazi linapochoma pwani ya Kenya hadi mchanga ukawa haukanyagiki kwa mguu mtupu, nusu ya kaskazini ya dunia huwa imezama katika baridi kali. Katika rasi ya Taymyr, huko Siberia, kipimo cha joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri na zaidi. Jua halichomozi kwa wiki kadhaa, nayo ardhi huwa ngumu kama mwamba.

Ndege wadogo wanaozaliwa huko wakati wa kiangazi hawana budi kuhama. Baadhi yao huishia mahali ambapo wasafiri wa barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi hupita kila siku bila kugeuza shingo. Mahali hapo ni hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi.

Hori hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita 32 mraba na imezungukwa na mikoko. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka wa 1968, na tangu 1979 eneo zima la Malindi na Watamu limekuwa likitambuliwa na shirika la UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira yao. Hata hivyo, anayefika hapo maji yakiwa yamepwa, bila mtu wa kumwelekeza, huona uwanja mpana wa tope la kijivu na kushangaa alichofuata.

Hapo ndipo umuhimu wa mwelekezi wa watalii unapodhihirika. Vijana kadhaa wa vijiji vinavyozunguka Mida hujipatia riziki kwa kuwaonyesha wageni ndege. Kazi yao huonekana rahisi, kana kwamba ni kunyoosha kidole tu na kutaja jina. Ukweli ni kwamba sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuhakikisha ndege hawajui kwamba wametazamwa.

Jambo la kwanza analoangalia mwelekezi ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bamvua huja. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikiweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu na hayaendi mbali. Mvuvi wa Uyombo au Dabaso hahitaji kuelezwa hayo. Lakini mgeni aliyetoka Nairobi, akiwa amezoea kwamba ndege wa msituni hutafutwa alfajiri, mara nyingi hujihimu mapema na kufika saa tatu za asubuhi, wakati ambapo maji yamekimbia na ndege wamekuwa vidoadoa umbali wa kilomita nzima.

Siku ya bamvua, maji ya pwani yetu hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Ndani ya hori huchelewa kidogo kwa kuwa yote hulazimika kupitia mlango mmoja mwembamba. Kwa sababu hiyo, matembezi mazuri huanza mwendo wa saa saba na nusu, jua likiwa bado kali, mgeni akiwa na kofia, maji ya kunywa na subira. Maji yanapopanda, tope hupungua kutoka pande zote, na ndege waliotawanyika huanza kusogea kuelekea ufukweni hatua kwa hatua. Mtazamaji akikaa palepale, bahari humletea ndege.

Pahali pa kukaa papo. Daraja la mbao la kuning'inia, lenye urefu wa takriban mita 260, hupita juu ya mikoko na kuishia kwenye kibanda kinachotazama tope. Njiani mwelekezi huonyesha mkoko wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui, na mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama kalamu zilizochomekwa. Chini kuna kaa wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa kupita kiasi analolipunga hewani kama anayesimamisha matatu. Wengi hucheka hapo. Wachache hukumbuka kwamba kaa huyo ndiye sababu ya ndege kuwepo.

Kwa hakika, Mida ni ghala la chakula. Ndani ya tope mna kaa, kamba wadogo, kombe na nyungunyungu wa baharini, na kila ndege ana kina chake cha kuchimba kulingana na mdomo aliopewa. Sululu, ambaye jina lake ni lile lile la chombo cha kuchimbia, ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, anaoupenyeza ndani ya shimo la kaa. Kinyume chake ni yule kitwitwi aliyepewa jina la mto Terek, mto unaomwaga maji yake katika Bahari ya Kaspi. Mdomo wake umepinda kuelekea juu, naye hukimbia akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayemfukuza kuku wa karamu.

Kuna jamii nyingine yenye mdomo mfupi na macho makubwa. Hao hukimbia hatua chache, husimama tuli, hutazama, kisha hudona. Huwinda kwa macho. Wenye midomo mirefu huwinda zaidi kwa kugusa, kwa maana ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu inayohisi kilichofichika chini ya tope bila kukiona. Ndiyo maana makundi mbalimbali yanaweza kula kwenye uwanja mmoja pasi na ugomvi mkubwa.

Kutambua nani ni nani mwezi wa Januari ni mtihani. Manyoya ya rangi ambayo ndege hawa huyavaa wakati wa kutaga yamekwisha kupukutika, na takriban wote wamebaki na kijivu juu na weupe chini. Mwelekezi aliyebobea humfundisha mgeni kuacha rangi na kutazama mwendo: anayekimbia na kusimama, anayechoma tope mfululizo kama cherehani, anayetembea taratibu kama mzee anayetoka msikitini. Mara nyingine humwambia angoje ndege anyooshe bawa. Yule mnene wa kijivu mwenye mdomo mfupi, akiinua bawa na kwapa likawa jeusi, hana wa kufanana naye hapo topeni.

Lakini ndege ambaye wageni wengi huja Mida kwa ajili yake ni mla kaa. Ni mkubwa kiasi, mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mweusi mnene ambao kazi yake inajieleza. Huyu hatoki kwenye barafu hata kidogo. Huzaliana katika visiwa na fuo za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, mahali penye joto la kutisha. Tukiwaita wageni wote wa Mida ndege waliokimbia baridi, mla kaa anatusuta.

Namna anavyozaliana ni ya ajabu. Huchimba pango mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo joto la ardhi lenyewe husaidia kuliatamia. Miongoni mwa ndege wote wa matopeni na fukweni, ndiye pekee anayejulikana kuitumia ardhi hivyo. Kifaranga mmoja huyo huendelea kulishwa kwa muda mrefu, hata baada ya kujua kuruka na kusafiri. Mwezi wa Januari, ukiwa kibandani, unaweza kumwona kijana wa kijivu akimfuata mzazi huku akilialia, naye mzazi akiwa ameshika kaa. Amevuka bahari kutoka Uarabuni kwa mbawa zake mwenyewe na bado anadai kulishwa.

Wazee wa pwani watakumbuka kwamba njia hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya jahazi. Mabaharia wa Oman na Ghuba walishuka na upepo wa kaskazi, wakafanya biashara Lamu, Malindi na Mombasa, kisha wakangoja kusi iwarudishe. Mla kaa naye hurejea kaskazini wakati kusi inapoanza. Hatuna haja ya kusema ni nani aliyemwiga mwenzake.

Hali ni tofauti kabisa kwa kitwitwi mdogo wa Siberia mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Wazazi wake huondoka Aktiki mapema, vifaranga wakiachwa nyuma. Wiki chache baadaye, vifaranga hao, ambao hawajawahi kuona bahari ya joto wala kuonyeshwa njia, huanza safari wenyewe. Kutoka Taymyr hadi Mida, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 9,000.

Idadi ya vijana wanaofika hutegemea panya. Huko Aktiki kuna panya wadogo waitwao lemingi, ambao huongezeka sana miaka fulani na kupungua mno miaka mingine. Wakiwa wengi, mbweha weupe hushiba nao na kuacha viota vya ndege. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo, kijana wa Mida anayesema kwamba mwaka huu vitwitwi wachanga ni wachache anatoa habari za Siberia bila kuvuka mpaka wa kaunti yake.

Sasa tufikie jambo ambalo mgeni mwenye kamera kubwa hapendi kulisikia. Ndege hawa hawako Mida kwa mapumziko. Kabla ya kuondoka mwezi wa Aprili ni lazima wawe wamejaza mafuta mwilini, kwani ndiyo yanayochomwa wakati wa kuruka. Baadhi yao hukaribia kuongeza uzito wao maradufu. Uwezo wa mafuta hayo ulidhihirika Oktoba 2022, wakati ndege mmoja wa jamii hii aliyefungwa kifaa cha setilaiti aliporuka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua wala kula.

Chakula cha kujenga mafuta hayo hupatikana tu wakati tope liko wazi. Maji yakijaa, meza imefunikwa. Ndiyo maana ndege hula mchana na hula usiku pia, wakifuata maji badala ya jua. Kila wanaporushwa na mtu, hupoteza mara mbili: hutumia nguvu kuruka, na hukosa dakika za kula ambazo hawatalipwa. Kurushwa mara moja si kitu. Kurushwa mara tano kila alasiri, msimu mzima, ni hesabu nyingine. Ndege atakayechelewa kufika kwao atakuta kiangazi kifupi cha Aktiki kimeanza bila yeye.

Mwelekezi huisoma hatari hiyo mapema. Ndege anapoacha kudona na kuinua kichwa, umekaribia kiasi cha kutosha. Wawili watatu wakianza kutembea kwa haraka wakikupa mgongo, umepita kiasi. Wakiruka, umeshindwa, hata kama picha imetoka vizuri. Wanawake na wavuvi wanaopita topeni kwa shughuli zao hawawasumbui sana, kwa sababu hushika njia zao na kwenda zao. Anayewatisha ndege ni yule anayewaendea moja kwa moja huku akiwakodolea macho, na huo ndio mwendo wa mtalii. Kwa maoni yangu, mwelekezi anayethubutu kumwambia mgeni aliyelipa kwamba asishuke kutoka darajani anastahili ada mara mbili.

Ada zenyewe zina kazi. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, lenye kituo Watamu, huendesha mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia mapato ya utalii, yakiwemo ya daraja hilo, kuwapa karo ya shule ya upili watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Mantiki yake ni nyepesi. Mzazi ambaye mwanawe anasoma kwa sababu ya ndege na mikoko hahitaji kuhutubiwa kuhusu shoka.

Hata hivyo, mpango wa aina hii una udhaifu wake. Mfuko unaotegemea miguu ya wageni hukauka wageni wasipokuja, na mwaka wa 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, pwani nzima iliona maana ya hilo. Tope halikuhama, ndege walikuja kama kawaida, lakini wa kuwatazama hawakuwepo. Wakenya wenyewe wangeweza kuziba sehemu ya pengo hilo, maana wengi wao hushuka Watamu kila Desemba. Kwa bahati mbaya, wengi hulala hotelini, huogelea, hupiga picha za machweo na kurudi bara bila kujua kwamba kando yao palikuwa na wageni waliotoka Siberia.

Kwa nini lijadiliwe sasa? Kwa sababu hesabu zinatisha. Oktoba 2024, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulipandisha daraja la hatari kwa aina 16 za ndege wa fukweni. Miongoni mwao ni wawili tuliokwisha kuwataja: yule mwenye kwapa jeusi, na kitwitwi wa Taymyr. Wote wawili sasa wamo katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yao kupungua kwa zaidi ya asilimia 30 katika vizazi vitatu.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, IUCN ilitangaza kwamba ndugu wa sululu wetu, sululu mwenye mdomo mwembamba, ametoweka kabisa duniani. Yeye hakuwa ndege wa Kenya. Alizaliana Siberia na kukaa miezi ya baridi kandokando ya Bahari ya Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana bila shaka yoyote ilikuwa Februari 1995, katika hori ya Merja Zerga nchini Morocco, akiwa peke yake. Watu walienda kumtazama kwa darubini bila kujua kwamba wanamuaga.

Habari za kupungua huku haziokotwi njiani. Kila Januari, tangu mwaka wa 1967, wajitolea katika mataifa mengi huhesabu ndege wa majini kwa wakati mmoja, kazi inayosimamiwa na shirika la Wetlands International. Januari imechaguliwa kwa sababu ndipo ndege huwa wametulia mahali pao pa kupitishia baridi, wasihesabiwe mara mbili wakiwa safarini. Humu nchini, kazi hiyo huwashirikisha wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa, shirika la Nature Kenya na wapenzi wa ndege wa kawaida, waelekezi wakiwemo.

Kuhesabu kwenyewe si mchezo. Mtu huhesabu ndege 10, akakariri macho mwake ukubwa wa kikundi hicho, kisha akapima kundi zima kwa vikundi vya kumi kumi au mia mia. Joto la kaskazi hufanya hewa icheze juu ya tope hadi ndege waonekane wana miguu ya moshi. Kisha kipanga anapita, wote wanaruka, na unaanza upya. Kijana anayekaa kibandani siku baada ya siku ana faida kubwa hapo kumshinda mtaalamu mwenye shahada aliyekuja kwa siku moja, kwa kuwa anajua kundi gani hulala kwenye fungu lipi la mchanga.

Maana maji yanapojaa kabisa, saa kumi na ushei, kula hukoma. Walaji kaa hujipanga kwenye fungu la mchanga, wote wakielekea upepo. Sululu na vitwitwi wa Terek huruka na kutua juu ya matawi ya mikoko, jambo ambalo huwashangaza watazamaji kutoka Ulaya, ambako ndege hawa hawajulikani kwa kukaa mitini. Ni saa ya kuwatazama kwa utulivu, kwani hawana pa kwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo saa ambayo mtu hapaswi kabisa kuwasogelea, iwe kwa miguu au kwa mtumbwi.

Msimu huu una kilele ambacho wageni wengi hukikosa kwa sababu hurudi makwao mapema. Kuanzia mwishoni mwa Machi, rangi huanza kurejea. Kitwitwi wa Taymyr hugeuka mwekundu wa tofali, na yule mwenye kwapa jeusi hujaa weusi kuanzia usoni hadi tumboni. Wamenenepa hadi hukimbia kwa uzito. Kisha jioni fulani ya Aprili, jua likikaribia kuzama, kikundi hulia, huruka, huzunguka mara moja au mbili juu ya hori na kushika njia ya kaskazini.

Si wote huondoka. Wengi waliozaliwa mwaka uliotangulia hawapati rangi wala mafuta ya kutosha, nao husalia Mida wakati wa mvua ya masika na kipupwe chote, wakiwa bado wamevaa kijivu, hadi wenzao watakaporudi Agosti.